Namna ya kupata mgao wako kamili katika duka la chakula la ruzuku

Chakula cha ruzuku hupotea njiani, na upotevu huo umepimwa. Nchini India, penye mtandao mkubwa kuliko yote duniani wa maduka ya bei nafuu, wachumi Jean Drèze na Reetika Khera walilinganisha nafaka iliyotoka kwenye maghala ya serikali na ile ambayo kaya zenyewe zilisema zimeinunua. Wakakuta kwamba mwaka 2004–05 takriban asilimia 54 ya nafaka haikufika kwenye kaya. Kufikia 2011–12 upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 42. Ni hatua kubwa, lakini bado ni gunia nyingi mno zinazoishia kwa walanguzi huku watoto wakilala na njaa.

Mengi ya kurekebisha hayo yako mikononi mwa serikali. Yapo hata hivyo mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyafanya mwenyewe, leo, bila kungoja sheria mpya, na ndiyo yaliyomo humu. Nimemwandikia mtu anayesimama upande wa nje wa kaunta: mama mwenye kadi ya mgao, kibarua, mstaafu, kijana anayemchukulia bibi yake chakula cha mwezi. Taratibu hutofautiana nchi na nchi, lakini sehemu ambazo mnunuzi hupunjwa zinafanana ajabu, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hizo.

Hatua ya kwanza: tambua duka lako ni la aina gani

Maduka haya yako ya namna tatu, na kinga yako hubadilika kulingana na namna.

Kuna duka la kadi ya mgao. Kaya imeandikishwa, ina kadi, na kadi inaipa haki ya kununua kiasi fulani kila mwezi kwa bei iliyopangwa. Misri hutumia mfumo huu, India iliuza nafaka ya mgao kwa namna hii hadi ilipoifanya ya bure mwaka 2023 huku kadi zikibaki, na Cuba imekuwa na daftari lake la mgao tangu 1962. Hapa kinga yako ni kumbukumbu: kilichoandikwa kwenye kadi au kwenye mashine kiwe sawasawa na kilichoingia kwenye mfuko wako.

Kuna duka la wazi. Serikali inafungua duka mahali penye watu wa kipato cha chini, na yeyote anayeishi hapo anaweza kununua. Maduka ya vijijini ya Mexico yaliyokuwa chini ya shirika la Diconsa kwa miongo mingi yalijengwa kwa wazo hilo, na jamii yenyewe ilichagua kamati ya kulisimamia duka. Katika duka la namna hii adui mkubwa ni mtu anayenunua mzigo wote asubuhi na kwenda kuuuza kwingine. Kinga yako ni ubao wa bei, kikomo cha kila mteja, na kamati iliyo macho.

Halafu kuna kadi ya fedha za chakula. Serikali inaweka kiasi cha fedha kwenye kadi kila mwezi, nawe unanunua kwenye maduka ya kawaida yaliyopewa kibali. Indonesia ilianza mwaka 2017 kuuacha ugawaji wa mchele na kuhamia kwenye kadi. Ukiwa na kadi hii nguvu yako ni miguu yako: mwenye duka akikuzidishia bei, nenda kwa mwingine mwenye kibali. Angalia salio kabla ya kununua na baada ya kununua, na usimwachie mwenye duka kadi yako hata kwa usiku mmoja, hata kama ni jirani mnayeheshimiana.

Hatua ya pili: pata mambo manne kwa maandishi

Hii ndiyo hatua iliyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa sana. Kabla hujanunua chochote, hakikisha unayo majibu ya maswali manne, yakiwa yametoka kwenye tangazo rasmi na si kwenye kinywa cha muuzaji.

La kwanza ni kiasi. Usiishie kuuliza "kilo ngapi". Uliza kama ni kwa kila mtu au kwa kaya nzima. Tofauti hiyo si ndogo. Sheria ya India ya mwaka 2013 inaipa kaya ya kawaida kilo 5 za nafaka kwa kila mtu kwa mwezi, ilhali kaya maskini kabisa zilizo kwenye mpango wa Antyodaya hupata kilo 35 kwa kaya bila kujali idadi ya watu. Kaya ya watu watatu inafaidika sana na hesabu hiyo ya pili. Kaya ya watu tisa ingepata kilo 45 kama ingehesabiwa vichwa. Asiyejua yuko kwenye kundi gani hawezi kujua kama amepunjwa.

La pili ni bei, na bei hiyo ni ya uzito gani. Nchini Misri mkate wa ruzuku uliuzwa piasta 5 kwa zaidi ya miaka 30, hadi Juni 2024 ulipopanda kuwa piasta 20. Lakini mwaka 2020, bei ikiwa ile ile, uzito wa mkate ulikuwa umeshapunguzwa kutoka gramu 110 hadi 90. Mabadiliko yote mawili yalikuwa rasmi. Aliyeangalia bei peke yake aliliona moja tu. Chakula kinachouzwa kwa pakiti, kwa kopo au kwa kipande, kiulizie gramu.

La tatu ni muda. Mgao unaanza lini, unaisha lini, na usipouchukua mwezi huu unaenda wapi? Mahali pengine unapotea. Mahali pengine unaweza kuuchukua mwezi unaofuata. Misri ilipoleta mfumo wa kadi ya mkate mwaka 2014, mtu ambaye hakumaliza mgao wake wa mikate mitano kwa siku aliweza kuugeuza kuwa pointi za kununulia vyakula vingine. Wengi huacha haki ya namna hii ipotee kwa kutouliza tu.

La nne ni ofisi ya kulalamikia: jina la ofisi, mahali ilipo, na namba yake ya simu. Itafute sasa, kabla hujaihitaji.

Ukishayapata, yaandike kwenye karatasi moja pamoja na tarehe ya tangazo. Kama una simu yenye kamera, lipige picha tangazo lenyewe. Bandika karatasi nyuma ya kadi au ndani ya daftari utakalokwenda nalo dukani.

Je, karatasi tu inaweza kubadili kitu? Inaweza. Indonesia ilikuwa na mpango wa mchele wa ruzuku ulioitwa Raskin, ambapo kaya ilistahili kilo 15 kwa mwezi kwa rupia 1,600 kwa kilo. Kwa vitendo kaya zilizolengwa zilikuwa zikipata kama theluthi moja tu ya ruzuku waliyokusudiwa, maana mchele uligawanywa kwa wasiohusika na bei iliongezwa. Watafiti wakishirikiana na serikali wakafanya jaribio katika vijiji zaidi ya 550: kwenye baadhi ya vijiji kila kaya iliyostahili ilitumiwa kadi inayoeleza haki yake. Kaya za vijiji vyenye kadi zikapata ruzuku zaidi kwa asilimia 26. Faida ilikuwa kubwa zaidi pale kadi ilipochapwa bei, na pale taarifa zilipobandikwa hadharani ili kila mtu ajue kwamba mwenzake naye anajua. Maofisa walikuwa wale wale na mchele ulikuwa ule ule. Mnunuzi ndiye aliyekuja na kitu cha kuonyesha.

Kwa hiyo usiifiche karatasi yako. Wasomee wanaoshindwa kusoma. Nakili kwa majirani.

Hatua ya tatu: jiandikishe, na uache alama kwamba umejiandikisha

Nyaraka zinazoombwa mara nyingi ni kitambulisho cha mkuu wa kaya, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uthibitisho wa makazi na maelezo ya kipato. Kabla ya kupeleka, ziweke zote mezani na usome majina herufi kwa herufi. Jina lililoandikwa kwa namna mbili kwenye nyaraka mbili linatosha kumwondoa mtoto kwenye orodha, kwa sababu kompyuta inaona watu wawili. Kurekebisha mapema ni usumbufu wa mara moja, na kurekebisha baada ya kukataliwa kunaweza kula msimu mzima.

Andikisha kila mtu anayekula chungu kimoja nanyi na ambaye sheria inamtambua: mtoto mchanga, mzee asiyetoka nje, mjukuu mnayemlea. Hawa ndio wanaosahauliwa. Kuhusu kadi iwe kwa jina la nani, sheria ya India ilikwishaamua kwamba mkuu wa kaya kwenye kadi ni mwanamke mkubwa kuliko wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mahali ambapo kaya inaachiwa ichague, ningeshauri vivyo hivyo: kadi iwe kwa anayepika.

Utaulizwa maswali ambayo yanaonekana hayahusiani na chakula: paa ni la nini, sakafu ni ya nini, mna televisheni, mna mifugo mingapi, nani amesoma hadi wapi. Serikali nyingi hazina njia ya kujua mapato ya mtu asiye na ajira rasmi, kwa hiyo hukadiria kwa kuangalia mali. Jibu ukweli, maana udanganyifu ukigundulika kaya hufutwa, lakini jibu ukweli wote. Kama televisheni imekufa, sema imekufa. Kama nyumba nzuri ni ya kupanga, sema si yenu. Kama kuna mgonjwa wa kudumu au mlemavu, lisemwe hata kama hakuna aliyeliuliza. Makadirio haya hukosea, tena mara nyingi, na kaya maskini iliyorithi nyumba ya matofali huweza kuonekana tajiri.

Usiondoke bila karatasi inayoonyesha kwamba ombi lako limepokelewa: stakabadhi, namba ya ombi, au angalau muhuri wenye tarehe kwenye nakala yako. Orodha ya wanufaika ikibandikwa, nenda ukaisome mwenyewe. Ukikuta hamo, uliza siku za rufaa ni ngapi na uandike rufaa ndani ya siku hizo. Rufaa fupi yenye ushahidi mmoja wa wazi ina nguvu kuliko kurasa tatu za huzuni.

Hatua ya nne: piga hesabu kabla ya kutoka nyumbani

Bei ya dukani si gharama yote. Tuseme kilo sokoni ni 100 na kwenye duka la ruzuku ni 60, na mgao wako ni kilo 20. Umeokoa 800. Sasa toa nauli ya kwenda na kurudi, tuseme 200, na ujira wa siku uliyoipoteza kwenye foleni, tuseme 400. Kilichobaki ni 200. Ukirudishwa mara moja kwa kuambiwa mzigo haujafika, umetoka hasara.

Hesabu hii haikwambii uache mgao. Inakuonyesha pa kupunguza gharama. Uliza mzigo hufika siku gani na utafute namna ya kuthibitisha kabla ya kutoka. Jimbo la Chhattisgarh nchini India liliwahi kuweka utaratibu wa kuwatumia wananchi ujumbe wa simu lori la nafaka linapoondoka ghalani, na majirani mnaweza kufanya hivyo wenyewe kwa kumweka mmoja anayeishi karibu na duka awape habari. Nendeni wawili au watatu mkachangie usafiri. Kama sheria inaruhusu mtu kukuchukulia mgao, kaya kadhaa zipeane zamu. Na kama hela ya mgao wote haipo siku hiyo, uliza kama unaweza kuchukua nusu sasa na nusu baadaye. Mipango mingine inaruhusu, na wauzaji wengi hawalisemi hilo wenyewe kwa sababu linawaongezea kazi.

Beba kadi, kitambulisho, karatasi yako ya mambo manne, kalamu, mifuko mikavu isiyotoboka, na fedha zilizochenjiwa. "Sina chenji" ni njia ya kale ya kukupunguzia.

Hatua ya tano: kwenye kaunta

Hapa twende polepole, kwa sababu hapa ndipo upotevu mwingi wa mnunuzi hutokea, tena ndani ya dakika tano.

Soma ubao kwanza. Duka la ruzuku linatakiwa kuonyesha bei, kiasi cha mgao, saa za kufungua na mzigo uliopo. Linganisha na karatasi yako. Vikitofautiana, uliza kwa upole na kwa sauti ambayo foleni inasikia: "Samahani, tangazo hili linasema hivi na ubao unasema vile, kipi ni sahihi?" Swali lililoulizwa mbele ya watu hujibiwa vizuri zaidi kuliko la kunong'ona, na halimvunjii muuzaji heshima.

Angalia mizani kabla chochote hakijawekwa juu yake. Iwe mahali pa wazi unapopaona, na isome sifuri. Kama muuzaji anapimia kwenye ndoo au gunia, chombo kitupu kipimwe kwanza, uzito wake uondolewe, ndipo chakula kiingie. Sema tu, "Naomba unionyeshe sifuri kwanza." Ukiishuku mizani, ipo njia rahisi ya kuijaribu: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chupa ya maji ya lita moja iliyofungwa kiwandani inapaswa kusoma kilo moja na gramu chache za chupa yenyewe. Ikisoma kilo moja na robo, mizani hiyo inakuibia kila inapotumika. Usipende kupimiwa kwa kopo au bakuli pale ambapo mgao umepangwa kwa kilo.

Angalia chakula chenyewe. Tia mkono ndani kabisa ya gunia, usiridhike na cha juu. Nafaka yenye joto, harufu ya uvundo, vumbi jingi au mabonge ina unyevu au wadudu. Kwenye pakiti soma tarehe ya mwisho wa matumizi na uangalie kama imewahi kufunguliwa. Chakula cha ruzuku ni chakula ambacho umma umekwisha kukilipia sehemu, hivyo hakuna sababu ya kupewa kibovu kwa kisingizio kwamba ni cha bei rahisi. Kikatae, omba kutoka gunia jingine, na likiwa moja tu andika kwamba umekataa kwa sababu ya ubora, ili isije ikahesabiwa kwamba umechukua.

Kataa kulazimishwa. Muuzaji akisema hupati sukari mpaka ununue sabuni yake, hiyo si sehemu ya mpango. Tabia hii huwaumiza hasa wenye fedha kamili ya mgao na hakuna ya ziada, yaani wale wale ambao duka limewekwa kwa ajili yao.

Kisha kuna jambo ambalo ningependa ulikumbuke hata ukiyasahau mengine yote: usiweke sahihi, wala dole gumba, wala kidole kwenye mashine, kabla chakula hakijapimwa mbele yako na kuwekwa kando kwa jina lako. Udanganyifu unaorudiwa sana kwenye maduka yenye mashine ni huu: unaombwa kidole leo, mashine inasajili kwamba umechukua kilo zako zote, halafu unaambiwa "mzigo umepungua, njoo Jumatatu uchukue zilizobaki." Jumatatu duka limefungwa. Kwenye kumbukumbu za serikali wewe umeshapokea, na malalamiko yako yanapambana na kidole chako mwenyewe. Mzigo ukiwa pungufu kweli, isajiliwe ile kiasi uliyopewa, si zaidi.

Omba risiti na uisome papo hapo. Kilo zilizoandikwa ziwe zile zilizopimwa, fedha ziwe zile ulizotoa. Kama mashine haitoi risiti, muuzaji aandike kwenye kadi yako, nawe uandike kwenye daftari lako ukiwa bado mbele yake.

Na mashine ikikataa kidole chako? Jambo hili huwapata sana wazee na watu wa kazi za mikono, kwa kuwa alama za vidole vyao zimelika. Mtandao ukikatika huwapata wote. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Jharkhand nchini India ulionyesha kwamba uhakiki wa alama za vidole ulipoletwa, baadhi ya wanufaika halali walikosa nafaka zao. Osha mikono, ikaushe, jaribu vidole vingine. Ikishindikana, uliza utaratibu wa dharura: namba ya siri kwenye simu, mwanakaya mwingine aliyeandikishwa, au kitabu cha kusaini kwa mkono. Utaratibu kama huo upo kwenye mipango mingi. Ukiambiwa haupo, andika tarehe na saa uliyokataliwa na uende nayo ofisini siku hiyo hiyo au ya pili yake. Kukataliwa na mashine si kukosa haki.

Hatua ya sita: ukifika nyumbani

Pima tena kama kuna mizani ya kuazima. Tofauti ya gramu chache si kitu. Tofauti inayorudi kila mwezi ni jambo la kuandika.

Nafaka ikaushe kabla ya kuiweka, na iwe kwenye chombo kinachofungwa, juu ya kichanja, mbali na ukuta. Kujua kama imekauka, tia kiasi kidogo cha nafaka kwenye chupa kavu pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado uko juu ya asilimia 15, anika tena. Chumvi ikianguka yote chini, hifadhi.

Daftari liwe na mistari michache tu kwa kila ununuzi: tarehe, chakula, kilo nilizostahili, kilo nilizopewa, fedha nilizolipa, na neno moja kuhusu ubora. Daftari la namna hii likijaa miezi sita, ofisa yeyote atalisoma.

Hatua ya saba: kulalamika mpaka usikike

Anza na msimamizi wa duka, kwa adabu. Makosa mengine ni makosa ya kweli na hurekebishwa hapo hapo. Kama hayakurekebishwa, andika. Malalamiko ya mdomo huyeyuka. Barua isizidi ukurasa mmoja na iwe na mambo ambayo mtu anaweza kwenda kuyakagua. Kwa mfano:

*Kwa Ofisa wa Chakula wa Wilaya. Yah: Kupunjwa mgao wa mwezi wa tatu. Mimi ni mwenye kadi namba (andika). Kaya yangu ina watu wanne, tunastahili kilo 20. Tarehe 8 nilipewa kilo 14 lakini risiti inaonyesha 20. Nakala ya risiti na ukurasa wa daftari langu nimeambatisha. Naomba nipewe kilo 6 zilizobaki na kumbukumbu za duka zikaguliwe. Naomba jibu kwa maandishi.*

Angalia haina matusi, haina tuhuma za jumla kama "ni wezi wote", na inasema wazi kinachoombwa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri irudi nawe. Kama hakuna jibu, nenda ngazi ya juu ukiwa na nakala hiyo.

Je, unaogopa kwamba muuzaji atakukomoa mwezi ujao? Hofu hiyo ni ya haki, hasa mahali penye duka moja tu. Ndiyo maana napenda zaidi barua yenye sahihi za kaya kumi kuliko ya kaya moja. Kaeni pamoja, fungueni madaftari, na mara nyingi mtaona wote mmepungukiwa kilo zile zile. Ikiwa kuna kamati ya usimamizi wa duka, ombeni nafasi ya mwakilishi wa wanunuzi, na muombe mzigo ufunguliwe mbele ya mashahidi siku unapofika, ili idadi ya magunia isomwe kwa sauti na kuandikwa ubaoni. Chhattisgarh kuanzia mwaka 2004 iliyaondoa maduka mikononi mwa wafanyabiashara binafsi na kuyakabidhi kwa mabaraza ya vijiji, vikundi vya wanawake na vyama vya ushirika, na lilikuwa moja ya majimbo ambako upotevu ulipungua sana. Mtu anayeuza chakula kwa jirani zake, huku jirani hao wana uwezo wa kumwondoa, hupima vizuri.

Kaya inapobadilika

Mtoto akizaliwa, mpeleke kwenye orodha mara tu cheti kinapopatikana, kwa sababu mgao wake hauanzi kuhesabiwa tangu siku aliyozaliwa bali tangu alipoandikwa. Mtu akifariki, toeni taarifa. Najua ni vigumu kwenda ofisini katika siku hizo, lakini jina la marehemu lililobaki kwenye kadi huweza kuisimamisha kaya nzima wakati wa uhakiki, na walio hai wakakosa kwa ajili yake.

Ukihama, uliza kama kadi inafuata mtu au inabaki na duka. India ilianza mwaka 2019 utaratibu wa kadi moja kwa nchi nzima, na kufikia 2022 majimbo yote yalikuwa yamejiunga, kwa hiyo kibarua aliye mbali na kwao anaweza kuchukua sehemu yake ya mgao alipo na familia ikachukua sehemu yao nyumbani. Pasipo na utaratibu huo, omba barua ya uhamisho kabla hujaondoka, si baada ya kufika, kwa kuwa ofisi mpya itaitaka barua hiyo na ya zamani itakuwa safari nyingine.

Na maduka yenyewe pia hufungwa. Shirika la Utility Stores la Pakistan lililoanzishwa mwaka 1971 lilisimamisha shughuli zake mwishoni mwa Julai 2025. Tangazo la kufungwa au kubadilishwa kwa mpango likitoka, ulizeni mara moja mambo matatu: mgao wa mwisho unachukuliwa kabla ya tarehe gani, ni mpango upi unaochukua nafasi yake, na kama wenye kadi watahamishiwa huko moja kwa moja au ni lazima kujiandikisha upya. Hili la mwisho lina siku zake za mwisho, na hutangazwa mara moja tu.